Sekunde 58 za Coriano

Alhamisi, 20 Oktoba 2022. Milano, Firenze, Borgo San Lorenzo

Leo ni siku ya tisa tangu Victor Steeman afariki. Kijana wa Kiholanzi, miaka 22, alikuwa akishindana katika Supersport 300, ngazi ya vijana kwenye mbio za pikipiki za dunia za Superbike. Jumamosi ya tarehe 8 alianguka pale Portimão, Ureno, katika ajali iliyomkumba yeye na mwenzake. Jumanne akakata roho. Familia ikaridhia viungo vyake vitolewe, watu watano wakapata nafuu kupitia kwake. Siku chache baadaye mama yake naye akamfuata, moyo ulisimama.

Habari ya mama niliisoma nikiwa ghalani, kazini, katikati ya kupanga maboksi. Niliweka boksi chini, nikaingia chooni, nikalia. Sikumjua Victor. Nilikuwa nikimwona wikendi kwenye simu, namba tu ndani ya kundi la namba. Lakini kwetu mtu akifiwa unakwenda, hata kama utakaa mkekani dakika kumi bila kusema neno. Uholanzi sina ninayemjua. Nikaona basi niende kwenye misiba ninayoijua, ya wale waliokufa kama alivyokufa yeye: walianguka, na aliyekuwa nyuma yao hakuwa na pa kupita. Hapa Italia wako wengi. Msimamizi akanipa siku nne.

Kwenye treni ya Firenze nikampigia mdogo wangu Malindi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Uko steji?"

"Niko, lakini abiria hakuna. Wewe wapi, mbona kelele?"

"Niko safarini. Nakwenda kumzuru Marco."

"Yule wa nywele?"

"Huyo huyo."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Msalimie." Kama vile nakwenda kwa mtu aliye hai.

Mdogo wangu alikuwa mtoto wa shule mwaka 2011, lakini yule wa nywele anamjua kwa sababu nyumba nzima ilimjua. Mimi nilikuwa bodaboda, na steji yetu ilitazamana na baa ya Mwitaliano mmoja aliyekuwa akifungulia mbio kila Jumapili. Malindi ina Waitaliano tangu sijazaliwa. Lugha yao niliiokota palepale, kwa kuwabeba na kuwasikiliza. Marco Simoncelli tulimpenda kwa yale manywele yaliyovimba kama kichaka akivua helmeti, na kwa kuwa alikuwa haogopi mtu. Bingwa wa dunia wa 250, ngazi ya pili wakati ule, mwaka 2008. Wiki moja kabla ya kufa alikuwa wa pili kule Australia, matokeo yake bora kabisa katika MotoGP, ngazi ya juu ya mbio za pikipiki duniani.

Tarehe 23 Oktoba 2011, saa tano asubuhi kwa saa za kwetu, mbio za Sepang zikaanza. Mzunguko wa pili, kona ya 11, gurudumu la mbele likamteleza. Kwa kawaida pikipiki ikiteleza hivyo inakwenda nje ya njia pamoja na mwenyewe, na wote nyuma wanapita. Yake haikwenda nje. Matairi yakashika tena lami, ikamrudisha ndani, ikamvusha njia nzima mbele ya wapanda wenzake, Colin Edwards na Valentino Rossi. Helmeti ikatoka kichwani. Nilikuwa nimesimama dirishani nje ya baa, na mzee mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa mezani alivua kofia yake polepole, akaiweka juu ya magoti, kabla mtangazaji hajasema lolote. Saa sita kasoro ikathibitishwa. Alikuwa na miaka 24.

Nimefika Borgo San Lorenzo jioni. Mvua ndogo. Chumba kina harufu ya kuni zilizozimwa. Kesho Mugello.

Ijumaa, 21 Oktoba. Scarperia

Basi la Scarperia ni la muda mfupi, milima imekaa pande zote kama watu waliozunguka sinia. Mji ni mdogo, wa mawe, na unasifika kwa mafundi visu. Chini yake, bondeni, uko uwanja wa Mugello: kilomita 5.245 za lami inayopanda na kushuka. Mwaka huu hapahapa Jorge Martín alipimwa akienda kilomita 363.6 kwa saa. Uwanja ulikuwa umekodiwa na watu, nikasikia injini kwa mbali. Geti halifunguliwi kwa mpita njia. Nikapanda kijilima nikauona upande wa pili wa bonde, na hilo lilinitosha.

Niliyekuja kumlilia hapa ni Jason Dupasquier, Mswisi, miaka 19. Jumamosi ya tarehe 29 Mei 2021, dakika za mwisho za kutafuta nafasi za kuanzia mbio za Moto3, ngazi ya tatu chini ya MotoGP na Moto2, alianguka akitoka kona inayoitwa Arrabbiata 2. Pikipiki iliyokuwa ikimfuata ikamgonga. Madaktari walimhudumia palepale kwenye lami kwa muda mrefu, kisha helikopta ikampeleka hospitali ya Careggi, Firenze. Jumapili akafariki.

Na Jumapili ile ile mbio za MotoGP zikaendelea. Hili bado linanikaa kifuani. Wakasimama dakika moja kimya mbele ya pikipiki zao, wengine wakijifuta macho, halafu wakavaa helmeti wakaambiwa wakimbie. Francesco Bagnaia alikuwa anaongoza, akaanguka mzunguko wa pili. Baadaye alisema wazi kwamba hawakupaswa kukimbia siku ile. Fabio Quartararo alishinda, akapanda jukwaani na bendera ya Uswisi. Simlaumu yeyote kati yao. Nauliza tu: mtu aliyeambiwa sasa hivi kwamba mwenzake amekufa kwenye kona ile, nawe unamtuma aipite kona hiyo hiyo mara ishirini na zaidi kwa kasi yote, je, huo ni usalama? Usalama si ukuta na changarawe peke yake. Akili ya mpanda nayo ni sehemu ya uwanja.

Mchana nilikaa kwenye baa ndogo ndani ya kuta za mji. Mzee mmoja akaniuliza natafuta nini Scarperia siku ya mvua. Nilipomwambia, akavuta kiti. Kumbe kwa miaka mingi alikuwa mmoja wa wale wanaosimama kando ya njia na bendera, wa kujitolea, wanaovaa rangi ya machungwa. Mikono yake mikubwa, kidole gumba kimepinda.

"Mwanangu," akasema, "watu wanatuuliza kwa nini hatukuinua bendera. Nipe kalamu."

Akaandika kwenye karatasi ya kufutia mdomo. Kilomita 200 kwa saa ni mita 55 kwa sekunde. Vijana wa Moto3 wanafuatana kwa tofauti ya sehemu mbili za kumi ya sekunde, saa nyingine pungufu ya hapo. Akazidisha: mita 11.

"Mita 11," akagonga meza. "Kutoka hapa hadi ule mlango na kurudi. Mtu anaanguka, wewe wa nyuma unapeleka jicho, jicho linapeleka habari, mkono unakwenda kwenye breki. Ushafika. Mimi na bendera yangu bado sijanyoosha kiwiko."

"Kwa hiyo hakuna la kufanya, mzee?"

"Baada ya kuanguka? Kwa yule wa kwanza nyuma, hakuna. Kwa wa tano na wa sita, ndiyo, na hao ndio tunaowainulia bendera. La kwanza lazima lifanywe kabla hawajaondoka kwenye mstari."

Ile karatasi nimeikunja nikaiweka kwenye pochi.

Usiku nimeendelea kuifikiria. Miaka hii yote tukisikia neno usalama tunaoneshwa kingo za njia. Magodoro ya hewa mbele ya kuta. Eneo la kutokea limepanuliwa. Suti zina mfuko wa hewa unaovimba kabla mwili haujagusa chini, na tangu 2018 ni lazima kwa kila mpanda katika Grand Prix, yaani MotoGP na ngazi zilizo chini yake. Helmeti zina kipimo kipya tangu 2019. Yote hayo yameokoa watu, nami nayashukuru kwa dhati: mtu anaruka juu ya pikipiki kilomita 250 kwa saa, anabingirika, anainuka, anakung'uta vumbi. Lakini vitu hivyo vinamsubiri nje ya njia, na wanaokufa sasa hawafiki huko nje. Wanafia katikati ya lami.

Hesabu za 2021 pekee: Mei, Dupasquier. Julai, pale Aragón, mtoto wa miaka 14, Hugo Millán; alianguka, akajaribu kutoka njiani, akagongwa. Septemba, pale Jerez, Dean Berta Viñales, miaka 15, katika Supersport 300. Mmoja baada ya mwingine kwa namna moja, ndani ya miezi minne.

Jumamosi, 22 Oktoba. Marradi, Faenza, Misano

Treni ya asubuhi kutoka Borgo San Lorenzo inakata milima ya Apennini kupitia mahandaki, inatokea upande wa pili. Marradi ilikuwa na ukungu na harufu ya chestinati za kuchoma. Jumapili za Oktoba wana sherehe yake, na mama mmoja alikuwa ameshaanza kupanga magunia stesheni. Sikushuka.

Faenza nilibadilisha treni. Huu ni mji wa timu ya mbio ya Gresini. Fausto Gresini alifariki Februari 2021 kwa Covid, na sasa timu inaongozwa na mjane wake, Nadia Padovani. Nilikaa kwenye benchi la stesheni nikimfikiria mtu huyo mmoja aliyezika vijana wawili waliokuwa chini ya mikono yake: Daijiro Kato mwaka 2003, Simoncelli mwaka 2011. Kila mara alirudi uwanjani mwaka uliofuata. Sijui alikuwa akilala vipi.

Saa nane mchana nimeshuka Misano Adriatico. Bahari iko palepale, lakini Oktoba ufuo umefungwa, vibanda vimefunikwa turubai, mchanga umerundikwa matuta kuzuia mawimbi. Nikatembea kuelekea uwanjani. Anayetoka Malindi akiona ufuo mtupu hivi anasikia baridi ya ndani.

Barabara ya kuingia uwanjani inaitwa Via Daijiro Kato. Nilisimama chini ya kibao chake muda mrefu. Kato, bingwa wa 250 wa mwaka 2001, alijigonga kwenye ukuta pale Suzuka, nyumbani kwao Japani, tarehe 6 Aprili 2003. Ukuta ulikuwa karibu mno na njia. Alilala wiki mbili bila fahamu, akafa akiwa na miaka 26. MotoGP haikurudi Suzuka tena hadi leo. Hilo ndilo jibu ninalolitambua: mahali pameua, hatwendi tena. Halikungoja mtu wa pili.

Misano nao una historia nzito. Tarehe 5 Septemba 1993 Wayne Rainey, Mmarekani aliyekuwa ametwaa ubingwa wa 500, ngazi ya juu ya wakati ule, mara tatu mfululizo, alianguka hapa akiwa anaongoza, akavunjika uti wa mgongo. Hakutembea tena. Uwanja ulipokuja kurudi kwenye kalenda mwaka 2007 wakawa wameugeuza, sasa mbio zinakwenda upande wa saa, ulikuwa kinyume. Tarehe 5 Septemba 2010, siku ileile na mwezi uleule, miaka 17 baadaye, Shoya Tomizawa akaanguka kwenye kona ya kasi wanayoiita Curvone. Miaka 19. Aprili ya mwaka huo alikuwa ameshinda mbio za kwanza kabisa za Moto2 kule Qatar, akicheka kama mtoto aliyeokota pesa. Wawili waliokuwa nyuma yake, Alex de Angelis na Scott Redding, hawakuweza kumkwepa.

Na bendera nyekundu, ile ya kusimamisha mbio, haikuinuliwa. Mbio ziliendelea huku watu wakikimbia na machela kwenye changarawe, na mbebaji mmoja akajikwaa. Nimeitazama picha ile mara moja tu maishani, siitazami tena. Walisema kusimamisha mbio kungechelewesha gari la wagonjwa na kwamba watu walikuwa wameshatolewa njiani. Wajuzi wa tiba wanaweza kujadiliana. Mimi najua kwamba mtu akiwa kati ya kufa na kupona, hata bodaboda wa kwetu wanazima injini.

Mlinzi wa geti alikuwa kijana, akaniruhusu nisogee kwenye uzio nilipomwambia nimetoka wapi na nimekuja kwa nani. Kutoka pale niliona kipande cha changarawe karibu. Si kokoto za ujenzi, ni vijiwe vya mviringo, laini, kama vya mtoni, kina chake kinameza kifundo cha mguu. Pikipiki ikiingia inazama na kupoteza nguvu. Kuna ugomvi wa miaka mingi juu ya vijiwe hivi. Watu wa magari wanapenda lami nje ya kona, kwa sababu gari lina magurudumu manne na breki, linajirekebisha na kurudi. Mpanda aliyeanguka hana breki. Juu ya lami anateleza kama sabuni juu ya vigae. Luis Salom, kijana wa Mallorca, alikufa hivyo Barcelona tarehe 3 Juni 2016, mazoezini. Nje ya ile kona ya 12 palikuwa na lami. Pikipiki yake ikafika kwenye godoro la hewa, naye akaifuata nyuma akaigonga. Miaka 24. Kesho yake tu wakabadilisha njia ya uwanja, wakatumia ile ya magari ya Formula 1 yenye kona za kupunguza kasi. Ikiwa kesho yake iliwezekana, kwa nini haikuwezekana jana yake? Sitaki kuwa mkali, lakini swali hili nimelibeba miaka sita.

Jioni nimekula piadina, mkate bapa wa huku, na jibini katika mkahawa pekee uliokuwa wazi, nikarudi chumbani. Hapa ndipo nilipomkumbuka kaka yetu wa steji. Jina lake nalihifadhi. Alikuwa mkubwa wetu, ndiye aliyenifundisha kushika klachi. Usiku mmoja barabara ya Mombasa, mvua, alipanda juu ya mchanga uliomwagika, akaanguka. Alikuwa mzima. Abiria wake alisema alimsikia akicheka, akisema, "Pole mama, haya inuka." Matatu iliyokuwa nyuma ilikuwa karibu mno. Tulipofika tulikuta kandambili yake moja imesimama wima katikati ya barabara, kana kwamba mtu ameivua mlangoni.

Sikupata kumwambia mtu yeyote huku Italia habari hiyo. Leo nimeiandika.

Jumapili, 23 Oktoba. Riccione, Coriano

Miaka 11 kamili tangu Marco afe, na imeangukia Jumapili tena, na mbio za leo ziko Sepang tena. Saa tatu asubuhi nilikuwa kwenye baa moja Riccione yenye televisheni, na watu wasiopungua thelathini wamesimama na kahawa. Wengi walikuwa na namba 58, namba ya Marco, kwenye kofia, kwenye koti, mmoja kwenye shingo kwa wino. Namba hiyo haivaliwi tena katika MotoGP tangu 2016.

Bagnaia alishinda, Enea Bastianini, kijana wa huku huku Rimini, wa pili juu ya pikipiki ya Gresini. Baa ilipiga kelele. Mimi kila mzunguko nilikuwa nasubiri kona ya 11. Kamera ikipita pale nilikuwa nashika ukingo wa kaunta, na niliona mwanamke mmoja mtu mzima anafanya hivyo hivyo. Tulipotazamana akanitikisia kichwa tu.

Mabasi ya Jumapili ni haba, nikapanda Coriano kwa miguu, zaidi ya saa mbili kati ya mashamba ya mizabibu iliyokwisha kuvunwa. Ni mji mdogo juu ya kilima, bahari unaiona kwa mbali. Hapa ndipo Marco alipokulia, na hapa ndipo walipomsalia tarehe 27 Oktoba 2011.

Jumba la makumbusho yake ni dogo na limetunzwa kwa mapenzi. Pikipiki, suti, helmeti, vikombe. Niliinama mbele ya suti moja ya ngozi nyeupe. Gotini, pale panapogusa lami kwenye kona, plastiki imelika upande mmoja hadi imekuwa nyembamba kama ukucha, na chini yake ngozi imechubuka mistari, yote ikielekea upande mmoja. Mtu aliyevaa hii aliishi. Alikuwa akilala juu ya lami kila Jumapili na kuinuka.

Baba yake, Paolo, ndiye mtu ninayeshindwa kumwelewa na ninayemheshimu kuliko wote. Valencia, wiki mbili baada ya kifo, hawakunyamaza dakika moja. Wapanda wa ngazi zote walizunguka uwanja pamoja, bingwa wa zamani Kevin Schwantz akiwa mbele juu ya pikipiki ya Marco, kisha wakapiga kelele: injini, baruti, honi, maana kimya hakikumfaa. Halafu mwaka 2013 Paolo akaanzisha timu, akaiita kwa jina la mwanawe na namba yake, akaanza kuwapandisha wana wa watu wengine. Septemba 2019, hapo chini Misano, uwanja ambao sasa unaitwa kwa jina la Marco, Mjapani Tatsuki Suzuki akashinda Moto3 kwa timu hiyo. Mjapani, uwanja aliofia Tomizawa, kwa timu ya baba wa Simoncelli. Nilipoiona siku ile nililia kwa furaha, na sioni haya kusema.

Lakini bado nauliza. Shirikisho la dunia limepitisha kwamba kuanzia mwaka ujao hakuna kuingia Grand Prix chini ya miaka 18, isipokuwa wachache wenye ruhusa maalumu, na idadi ya pikipiki kwenye ngazi za vijana imepunguzwa. Ni vizuri, na ilichukua watoto wawili kuzikwa. Ila Steeman alikuwa na miaka 22. Sheria ya umri isingemgusa. Kilichomzunguka ni kundi. Pikipiki za Supersport 300 ni nzito kwa nguvu zilizo nazo na zinalingana mno. Hakuna anayeweza kumwacha mwenzake, kila mmoja anajificha nyuma ya mgongo wa mwenzake avunjiwe upepo, na hadi mzunguko wa mwisho watu kumi na zaidi wako ndani ya sekunde moja au mbili. Watazamaji tunapenda. Mimi nimependa, nimeruka kwenye kochi. Hicho tunachokiita mbio tamu ndiyo zile mita 11 za mzee wa Scarperia, zikirudiwa kila kona.

Basi wapeni pikipiki zinazoachana. Wapungue mstarini. Mwenye kukaa makusudi kwenye njia ya kasi akingoja mgongo wa kujificha, aadhibiwe kila mara, isiwe leo ndiyo kesho hapana. Na mtu anapokuwa chini bila kusogea, bendera nyekundu kwanza, mabishano baadaye. Haya si mambo ya ajabu. Wapanda wenyewe wanayasema kila mwaka mtu akifa, halafu Machi inafika, msimu mpya unaanza.

Jioni nilikwenda kwenye mnara. Wameuita Kila Jumapili: bomba kubwa la chuma limeelekezwa juu, kama egzosti ya pikipiki iliyopandwa ardhini. Tulikuwa labda watu hamsini. Baba mmoja alikuwa amembeba binti yake mabegani. Hakuna aliyehutubia. Ghafla moto ukatoka kwenye bomba kwa mngurumo ulionifika tumboni, mwali mrefu, wa manjano, kichwa chake bluu. Sekunde 58. Nilihesabu kwa Kiswahili, kimoyomoyo. Ilipofika thelathini na kitu nikapoteza hesabu nikaanza kutaja majina: Daijiro, Shoya, Marco, Luis, Jason, Hugo, Dean, Victor. Kisha lile la kaka wa steji, kwa sauti. Moto ukakatika. Tukabaki tunaona weusi wa bomba na joto lake usoni. Mtoto akasema, "Ancora," yaani tena, na baba yake akamwambia wiki ijayo.

Jumatatu, 24 Oktoba. Coriano, Rimini

Asubuhi makaburini. Pamejaa maua, kofia, barua za watoto ndani ya plastiki. Nilisoma Fatiha kwa sauti ndogo. Sidhani kama wenyewe wangechukia. Nikamfikishia salamu za mdogo wangu.

Kisha Rimini, kusubiri treni. Nikapiga simu Malindi.

"Umemsalimia?"

"Nimemsalimia. Sikiliza, nataka kukwambia jambo. Ukiwa barabarani, yule aliye mbele yako usimsogelee. Mwachie nafasi. Hata awe nani, hata uwe na haraka gani."

"Kaka, mimi hujaribu," akasema. Nyuma yake nilisikia injini na kondakta akiita Kilifi, Kilifi. "Lakini nikimwacha nafasi, mwingine anaingia."

Nikatoa ile karatasi ya mzee kwenye pochi, nikaitazama. Treni ya Bologna ikatangazwa, tukaendelea kushikilia simu, yeye huko na mimi huku, hakuna aliyekata.